Sahani Iliyokosa Mnunuzi, Ndege Aliyekosa Mti

Jioni ya leo nimepewa nafasi nizungumze nanyi juu ya zile saa ambazo mtu hakuajiriwa kuzitumia, saa zilizo mali yake mwenyewe, na hasa juu ya mapenzi mawili niliyoyakuta yakiishi katika nyumba moja na katika moyo wa mtu mmoja: mapenzi ya kukusanya sahani adimu za muziki wa soul, na mapenzi ya kuwapiga picha ndege wa mwituni.

Nyumba yenyewe ilikuwa Leigh, mji mdogo jirani ya Wigan, kaskazini magharibi ya Uingereza, katika nchi iliyolishwa zaidi ya karne nzima na makaa ya mawe na viwanda vya pamba; nami nilikaa humo mwaka mmoja na nusu kwa ajili ya masomo, nikiwa mpangaji wa mzee mmoja mjane, fundi mitambo aliyestaafu, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Katika chumba chake cha mbele ukuta mmoja ulipangwa masanduku ya mbao, na ndani yake zimesimama wima, kama vitabu katika maktaba, sahani ndogo za inchi 7, kila moja katika bahasha yake ya karatasi. Na ukuta uliouelekea huo ulijaa picha za ndege, zimebanwa kwa misumari midogo tu, na chini ya kila picha imeandikwa tarehe kwa kalamu ya risasi. Kwa muda wa majuma mawili nilidhani kwamba sahani ni zake na ndege walikuwa wa marehemu mkewe, maana sikuona vipi mtu mmoja aweze kupenda kishindo cha ukumbi wa dansi na kimya cha ziwa kwa kadiri moja. Nilikuwa nimekosea, na siku aliponisahihisha ndiyo siku nilipoanza kumsikiliza.

Asiyeujua muziki wa soul na aambiwe kwa ufupi kwamba ni muziki wa Wamarekani weusi, uliozaliwa pale sauti ya kanisani ilipokutana na nyimbo za kilimwengu, ukakomaa katika miaka ya 1960 katika miji kama Detroit, Chicago, Philadelphia na Memphis. Kampuni iliyovuma kupita zote ni Motown, aliyoianzisha Berry Gordy mwaka 1959, na ambayo nyimbo zake zilirekodiwa ndani ya nyumba ya kawaida, namba 2648, katika barabara ya West Grand Boulevard, Detroit. Lakini ubavuni mwa Motown zilikuwako kampuni ndogo ndogo zisizo idadi, nyingine za mtu na shemeji yake, zilizokuwa na fedha ya kurekodi nyimbo mbili na kutoa sahani mia chache. Nakala za kwanza, zenye kibandiko cheupe na onyo kwamba haziuzwi, zilipelekwa kwa watangazaji wa redio, na mtangazaji asipoupenda wimbo, au asipopata wasaa wa kuusikiliza, wimbo ulikufa siku ile ile, sahani zikabaki ghalani, na mwimbaji akarudi kwenye kiwanda cha magari alikotoka. Naomba mlishike jambo hili, kwa kuwa nitalirejea: aghalabu sahani imekuwa adimu kwa sababu siku ilipozaliwa hakuna aliyeitaka.

Basi sahani hizo zilizokataliwa kwao zikapata wa kuzipenda ng'ambo ya bahari, nao walikuwa vijana wa viwandani na migodini, wa Lancashire na Yorkshire na Staffordshire, waliofanya kazi ya kuchosha juma zima na kulipwa Ijumaa. Mjini Manchester walikusanyika katika klabu iliyoitwa Twisted Wheel. Mwandishi Dave Godin, aliyekuwa na duka la sahani mjini London lililojulikana kwa jina la Soul City, alitambua kuwa vijana wa kaskazini waliozifuata timu zao za mpira mpaka London, walipoingia dukani mwake, hawakuulizia muziki mpya uliokuwa ukitamba wakati huo. Walitaka ule wa miaka michache nyuma, wenye mwendo wa haraka na pigo lisilolegea, na kwa kuwaeleza wauzaji wake nini cha kuwaonyesha wateja hao akaupa jina la Northern Soul, yaani soul ya kaskazini. Lizingatieni jina hilo: halitaji alikotoka mwimbaji, linataja alikotoka msikilizaji.

Twisted Wheel ilifungwa mwaka 1971, na mapenzi yakahamia klabu ya Golden Torch, Tunstall, kisha Blackpool, ambako kijana Ian Levine, aliyekuwa akifuatana na wazazi wake mpaka Miami, alirudi na sahani kwa maelfu. Na tarehe 23 Septemba 1973 yakafika Wigan, katika ukumbi ulioitwa Wigan Casino. Mwenyeji wangu aliuingia ukumbi huo akiwa na umri wa miaka 18. Milango ilifunguliwa usiku wa manane umekwisha kupita, pombe haikuuzwa, na dansi ilikesha mpaka saa mbili asubuhi. Vijana walikuja na mikoba yenye nguo za kubadili, kwa sababu ya jasho. Walinyunyiza poda ya mwili sakafuni ili soli za viatu ziteleze. Na kila mmoja alicheza peke yake, akizunguka, akijitupa chini kwa mgongo na kuinuka kabla pigo halijampita, miongoni mwa mamia ya watu. Usiku ulifungwa kwa sahani tatu zile zile kila mara, ya Tobi Legend, ya Jimmy Radcliffe na ya Dean Parrish, kisha taa zikawashwa na watu wakatoka barabarani, jua la Jumapili likiwakuta na fulana zinazofuka mvuke katika baridi.

Katika ukumbi kama huo heshima ya mpiga santuri haikuwa katika maneno yake wala mavazi yake, ilikuwa katika kumiliki sahani ambayo mwenziwe hanayo. Kwa hiyo ukazuka mtindo ambao mzee wangu alinisimulia huku akiinamisha uso, kama mtu anayesimulia ujanja wa ujana wake: mpiga santuri aliyebahatika kupata wimbo usiojulikana alibandika karatasi nyeupe juu ya kibandiko cha katikati, akaubatiza wimbo jina la uongo na mwimbaji jina la uongo, ili wapelelezi waliochungulia juu ya meza yake warudi mikono mitupu. Watu walicheza miezi na miaka wakimpenda mwimbaji ambaye jina lake halisi hawakulijua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Frank Wilson. Mwaka 1965 aliimba, kwa lebo ya Soul iliyokuwa tawi la Motown, wimbo uitwao Do I Love You. Kisha akachagua kazi ya kutunga na kuwasimamia waimbaji wengine badala ya kuimba mwenyewe, sahani haikutolewa sokoni, nakala zilizokwisha kutengenezwa zikaharibiwa, na kwa miaka mingi zilijulikana nakala mbili tu ulimwenguni. Wigan waliucheza wimbo huo wakiambiwa kwamba mwimbaji ni Eddie Foster. Mwaka 2009 nakala moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000, na mwaka 2020 iliuzwa kwa pauni 100,000, fedha ambayo wakati huo katika mitaa ya Leigh iliweza kununua nyumba.

Mzee wangu hakuwa mtu wa pauni laki moja. Sahani zake zilipata kama elfu mbili, na iliyokuwa ghali kuliko zote aliinunua kwa kuuza pikipiki. Lakini jicho lake na sikio lake vilikuwa vya mtaalamu, na usiku mmoja wa mvua alinikalisha karibu na taa akanionyesha jinsi sahani inavyosomwa. Aliishika kwa kingo, kati ya viganja viwili, vidole visiguse mifuo ya sauti. Akaiinamisha mpaka mwanga ukateleza juu yake kama juu ya maji, na pale ambapo sindano zilipita mara nyingi mno pakaonekana utando wa kijivu. Kisha akanielekeza kwenye ile duara laini iliyobaki kati ya mwisho wa wimbo na kibandiko, ambamo fundi aliyeikata sahani mama hukwaruza namba na herufi kwa mkono wake. Akanipa kioo cha kukuzia, nami nikaona mkwaruzo wa mtu asiyejulikana, 7 yake imeinama kidogo, aliyeuandika pengine mwaka 1966 bila kufikiri kwamba iko siku atakayekuja kuusoma. Mwisho akaigonga sahani ukingoni kwa ukucha, taratibu, akaniambia nisikilize: ile ya vinaili hujibu kwa sauti butu, na ile ya stairini, iliyo plastiki rahisi zaidi na inayochakaa upesi, hujibu kwa mlio mkali kama wa kigae. Elimu hiyo aliinunua. Alipokuwa na miaka 19 alimpa mchuuzi mmoja mshahara wa juma zima kwa sahani aliyoitafuta tangu utotoni mwa mapenzi hayo, akafika nayo nyumbani, na siku ya tatu akagundua kwamba namba za kwenye duara zimepigwa kwa mashine mahali ambapo zilipasa kuandikwa kwa mkono. Ilikuwa nakala bandia. Aliihifadhi, nayo imo katika sanduku la kwanza mpaka leo, mbele ya zote.

Nasi watu wa pwani tusiyaone mambo haya kuwa ya ajabu. Shangazi yangu wa Kariakoo alikuwa na sahani ya Siti binti Saad, mmoja kati ya wale walioimbia santuri Bombay mwaka 1928. Na sahani za wakati ule, kama mjuavyo nyinyi wakubwa wangu, zilikuwa nzito na zenye kuvunjika kama kaure. Yake ilivunjika siku ya arusi ya binti yake. Vipande alivifunga katika kitambaa cha hariri akaviweka kabatini pamoja na hati ya nyumba, na hapana aliyethubutu kumwambia avitupe.

Tarehe 6 Desemba 1981 Wigan Casino ilifungwa, na mwaka uliofuata moto ukaliunguza jengo. Mwenyeji wangu alikuwa na miaka 26. Jumapili iliyofuata baada ya kufungwa, mwili wake, uliokwisha kuzoezwa kwa miaka minane kuwa macho alfajiri ya siku hiyo, ulikataa kulala. Akavaa koti, akatoka katika baridi kali kupita kiasi ya Desemba ile, akatembea mpaka ziwa la Pennington Flash, ambalo alikuwa akilipita kila siku kwa basi bila kulitazama. Juu ya tawi lililotanda barafu alimwona mdiria, mgongo wake wa buluu ukiwaka katika nchi nzima ya kijivu, akasimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mwezi uliofuata aliazima kamera.

Ziwa lenyewe lina historia ya kuhuzunisha na kufurahisha kwa pamoja. Wachimbaji walipoyatoa makaa chini ya mashamba, ardhi ilikosa mhimili ikadidimia, maji yakaingia pale ilipodidimia, na mwanzoni mwa karne ya 20 palipokuwa na shamba pakawa na ziwa. Maziwa ya namna hiyo yametapakaa kote kati ya Wigan na Leigh, wenyeji huyaita flash, na mwaka 2022 mengi yao yalitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa. Baba yake mzee wangu alichimba makaa katika machimbo ya wilaya ile ile, akafa kwa maradhi ya kifua kabla mwanawe hajafikisha miaka 30. Na mwana, kila aketipo kandokando ya maji yale, hujua kwamba yamesimama mahali pa jasho la baba zake. Aliniambia hilo mara moja tu, wala hakulirudia.

Sanaa ya kumpiga picha ndege aliye hai na huru si ya juzi. Ndugu wawili wa Yorkshire, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, na mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota vya ndege kilichopambwa kwa picha za kamera kutoka mwanzo hadi mwisho. Baadaye walitengeneza ng'ombe wa bandia, ngozi iliyokaushwa na kuachwa wazi ndani, mpiga picha akajificha tumboni mwake katikati ya malisho. Cherry huyo huyo ndiye aliyekuja Afrika ya Mashariki mwaka 1909 akampiga picha za senema Theodore Roosevelt katika safari yake ya uwindaji. Bibi Emma Turner aliishi katika mashua juu ya maji ya Hickling, Norfolk, na mwaka 1911 alimpiga picha kinda wa ndege aitwaye bittern, jamaa ya ngojamaliko wetu, ndege ambaye kwa miaka ishirini na zaidi ilisadikiwa kuwa hazai tena Uingereza. Ile picha moja ilikuwa ushahidi kwamba amerudi. Na Eric Hosking, mwaka 1937, alipigwa na bundi jicho la kushoto, akalipoteza, akarudi kwenye kazi ile ile akitazama kwa jicho lililobaki, na akawa bingwa wa nchi nzima.

Nami nilipoalikwa kwenda ziwani, jambo lililonijia moyoni lilikuwa dungu. Mimi ni mtoto wa mashamba ya mpunga ya Rufiji, na katika utoto wangu msimu wa kuiva ulikuwa msimu wa kuamia ndege: tulipanda dunguni kabla ya mapambazuko, teo mkononi na rundo la udongo mkavu magotini, na kazi yetu mpaka magharibi ilikuwa kupiga kelele na kurusha, ili kwelea wasitue. Ndege kwetu alikuwa mwizi, na mtoto aliyemwangalia akasahau kurusha alichapwa. Sasa, nikiwa mtu mzima, naingizwa katika kibanda cha mbao chenye kishubaka chembamba, naambiwa niketi, ninyamaze, nisitoe mkono nje, na kwamba tumekuja kuomba ndege watue. Saa nzima ya kwanza mkono wangu wa kulia ulikuwa ukitafuta teo.

Mzee aliweka juu ya ukingo wa kishubaka kifuko cha nguo kilichojazwa mchele, akalaza juu yake lenzi ndefu kama mchi wa kinu, akaacha kidole karibu na kitufe. Hakutazama ndani ya kamera. Alifumba macho. Nilidhani amesinzia, kumbe alikuwa akisikiliza. Maana ndege aliyemtaka asubuhi ile, kijidege kisichofika uzito wa gramu 12, ambacho Waingereza wanakiita willow tit, hujulikana kwa sauti kabla ya kujulikana kwa sura. Anaye pacha aitwaye marsh tit, mwenye kofia nyeusi kama yake, mashavu meupe kama yake, na umbo lile lile. Wamefanana hata wataalamu wa Uingereza waliishi nao pamoja tangu kale wakiwadhani kuwa ndege mmoja, mpaka mwaka 1897 Wajerumani wawili, Ernst Hartert na Otto Kleinschmidt, walipokuwa wakipekua ngozi za ndege katika droo za makumbusho ya London, wakakuta kwamba baadhi yake zimeandikwa jina lisilo lake. Nilipolisikia hilo nikakumbuka kioo cha kukuzia na ile 7 iliyoinama. Kitu adimu kilikuwamo ndani ya droo, mbele ya macho ya watu wote, kimefunikwa na jina la kingine.

Basi tulikaa. Kibisi mwenye kishungi alipita majini, naye ana kisa chake, maana katika karne ya 19 aliuawa kwa ajili ya manyoya ya kofia za mabibi karibu kumalizika Uingereza nzima, mpaka wanawake wenyewe wakaamka, na mmoja wao, Emily Williamson, mkaazi wa Didsbury katika Manchester hiyo hiyo, akaanzisha mwaka 1889 chama cha kuwalinda ndege ambacho leo ni kikubwa kupita vyote nchini. Mzee hakumpiga picha kibisi huyo. Saa mbili zikapita, vidole vyangu vimekuwa kama vya mtu mwingine. Kisha mzee akainua kidole kimoja. Nami nikasikia, kutoka katika vichaka vya mierebi, sauti ya puani, nzito kuliko mwili wowote mdogo unavyostahili, ikijivuta mara tatu, chee, chee, chee, kama mtu anayekwaruza mbao kwa tupa. Ndege akatokea juu ya kigogo kilichooza. Kofia yake ilikuwa nyeusi isiyong'aa, kama masizi, shingo nene, na juu ya bawa lililokunjwa ulionekana mstari mweupe hafifu, nao pia ni alama inayomtenga na pacha wake. Kamera ilitoa mlio mara nne, labda tano. Akaondoka.

Ndege huyo, wasikilizaji wangu, amepungua Uingereza kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1970, yaani tangu siku zile zile ambazo mzee wangu alikuwa akiteleza juu ya poda ya Wigan Casino. Yeye huchimba kiota chake mwenyewe katika mti laini uliooza, katika vichaka vichanga vyenye majimaji. Vichaka hivyo vikikatwa, au vikikauka, au vikiachwa vikakua misitu mirefu, hana pa kwenda, wala hasafiri mbali kutafuta. Nchi iliyodidimia ya makaa, ambayo hakuna aliyeitaka kwa kilimo wala kwa majengo, imekuwa mojawapo ya ngome zake za mwisho.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema nililokuja kusema. Tunatumia neno moja, adimu, kwa sahani na kwa ndege, na wapenzi wa vyote viwili huvitafuta kwa subira ile ile, kwa sikio lile lile, kwa kuamka saa zile zile. Lakini uadimu wa sahani ni ajali isiyomdhuru yeyote sasa, na uadimu wa ndege ni maradhi yanayoendelea. Sahani mbili za Frank Wilson zilikaa miaka mingi katika mabahasha yao bila kuhitaji ya tatu. Ikipatikana ya tatu, bei ya zile mbili hutikisika, na mwenye nazo hukunja uso; akipatikana ndege wa tatu katika kichaka kilichokuwa na wawili, mpiga picha hulia kwa furaha. Mzee wangu aliniungamia kwamba zamani, aliposikia kuwa sanduku zima la sahani aliyoithamini limegunduliwa katika ghala moja la Marekani, alihuzunika siku saba, kisha akaona haya ya huzuni yake, maana ilikuwa na maana gani kuupenda wimbo na kuchukia usikiwe na wengine? Aliniambia kwamba ziwa ndilo lililomponya. Tangu hapo akaacha kuzificha sahani zake. Alimpigia yeyote aliyeomba, na vijana wa mtaani waliotaka kunakili aliwaruhusu.

Sisemi haya kuwashutumu wakusanyaji. Lau isingekuwa wivu wao na siri zao na safari zao za kupekua maghala, nyimbo nyingi zingelioza na waimbaji wake wangezikwa bila kujua. Kumbe wako walioitwa Uingereza katika uzee wao, wakapanda jukwaani na kukuta umati unaoyajua maneno yote ya wimbo ambao kwao waliusahau wenyewe. Hilo ni jema kubwa. Walakini namwomba anayeingia katika mapenzi ya ndege asiyachukue mazoea ya sahani pamoja naye. Nimeona watu waliokimbilia ndege mgeni kwa magari kutoka pembe zote za nchi, wakakanyaga majani, wakasukumana, wakajaza orodha, wakarudi bila kujua alikula nini. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981, iliyopitishwa majuma machache kabla Casino haijafungwa, inakataza mtu kumsumbua kiotoni ndege aliye katika orodha ya wanaolindwa zaidi, mdiria na bittern wakiwemo, pasipo kibali, hata akiwa na kamera tu. Lakini willow tit hayumo katika orodha hiyo, na kinachomlinda na usumbufu huo ni adabu ya aliyemwona.

Nilirudi nyumbani. Mwaka uliopita ilinifikia bahasha ngumu kutoka Leigh, imefungwa kwa utepe mwingi, na ndani yake sahani moja ya inchi 7, ya kawaida, isiyo na thamani kubwa sokoni, wimbo nilioupenda katika zile jioni za mvua. Wakusanyaji, wanapotuma sahani kwa posta, huibana kati ya makadi mawili magumu isikunjwe. Kadi la kwanza lilikuwa kipande cha sanduku la chai. La pili lilikuwa picha, uso wake umegeuzwa ndani: willow tit ametoa kichwa katika tundu la mti uliooza, mdomoni ameshika kibanzi cha kuni alichokichimba mwenyewe, na tundu ni jipya, mbao yake bado nyeupe. Nyuma ya picha mzee ameandika kwa kalamu ya risasi, kama desturi yake, siku na mwezi, saa moja na robo asubuhi, upepo wa mashariki, mwanga hafifu, umbali wa hatua 40. Mahali hakupaandika.